Je, Wajua? Wawili, Gari Moja na Australia Nzima

Haya, sogea kidogo tukae sawa. Leo tunawapakia watu wawili, mtu na mwenzi wake, kwenye gari la kukodi, tunawapeleka Australia wakatafute wanyama na njia za kutembea kwa miguu. Wawili hao mnaweza kuwa nyinyi, wewe na huyo uliyenaye hapo kando. Mmoja ashike usukani. Mwingine kazi yake ni kupiga kelele: "Simama, simama! Umeona kile?"

Je, wajua kwamba ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji kujifunza kuendesha upya? Waaustralia nao hupita kushoto, na usukani uko kulia. Umbali ndio utakaokutoa jasho: barabara kuu Namba 1, inayoizunguka nchi, ina kilomita zipatazo 14,500. Sydney hadi Perth peke yake ni kama kilomita 4,000, na ukifika bado uko nchi ileile.

Nchi yenyewe ina kilomita za mraba milioni 7.7, Tanzania nane zinaenea humo. Watu je? Milioni 27 hivi, hawafiki hata nusu ya Watanzania. Basi msishangae mkienda saa nzima bila kupata dereva wa kupungiana naye mkono.

Funga mkanda kwanza. Wajua ni wapi duniani walitangulia kumlazimisha mtu kwa sheria kufunga mkanda wa gari? Jimbo la Victoria, hukohuko Australia, mwaka 1970.

Na pikapu ya Kiaustralia je, wajua ilizaliwaje? Mke wa mkulima mmoja wa Victoria aliwaandikia Ford barua mwanzoni mwa miaka ya 1930. Anataka gari moja tu: Jumapili limpeleke yeye na mumewe kanisani bila kulowa, Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Fundi kijana aitwaye Lew Bandt akakaa kuchora, na mwaka 1934 magari ya kwanza yakatoka kiwandani Geelong. Kwa hiyo ukipanda pikapu huko leo, mshukuru mama asiyetaka kuvaa gauni la kanisani mvuani.

Tuko Victoria tayari, tuingie Great Ocean Road, barabara ya kilomita 240 hivi inayopita kando ya bahari. Wajua ni nani waliichimba? Askari wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa sururu na koleo, kuanzia 1919 hadi 1932, kwa kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Ndiyo maana huitwa mnara mkubwa kuliko yote duniani wa kumbukumbu ya vita. Na ni mnara unaopitika kwa gari!

Hao askari nao walikuwa watu, usiwaone malaika. Mwaka 1924 meli iitwayo Casino iligonga mwamba karibu na kambi zao, ikabidi itupe baharini mapipa 500 ya bia na makasha 120 ya pombe kali ili ipate wepesi. Kazi ya barabara ilisimama wiki mbili. Sababu umeshaijua.

Wajua ile minara ya mawe inayosimama baharini, Mitume Kumi na Wawili, haifiki kumi na miwili? Julai 2005 mmoja wenye urefu wa mita 50 hivi uliporomoka mbele ya macho ya watalii, ikabaki minane. Jina halijabadilishwa, na mabasi ya watalii hayajapungua.

Ngoja, kuna kubwa kuliko hilo. Mbele kidogo palikuwa na daraja la asili la mwamba lililoitwa London Bridge, watu wanatembea juu yake hadi ncha iliyo ndani ya bahari. Tarehe 15 Januari 1990 wageni wawili walivuka, wakafika nchani, wakasikia kishindo nyuma yao. Wakageuka: daraja hakuna. Walikaa juu ya kisiwa kilichozaliwa dakika ileile, mawimbi chini yao pande zote, hadi helikopta ya polisi ilipokuja kuwachukua baada ya saa kadhaa. Wewe na mwenzio mnabishana nani atangulie kuvuka? Sasa mna jibu.

Inua macho juu kwenye mikaratusi ya Kennett River. Yule anayelala kwenye panda la mti ni koala, na hutamwamsha: hulala hadi saa 20 kwa siku. Wajua alama za vidole vyake zinafanana na za binadamu kiasi kwamba hata kwa hadubini ni shida kuzitofautisha? Tena kila mkono wa mbele una vidole gumba viwili.

Na mkaratusi wenyewe, ule unaouona pembeni ya shamba kwenu na kwenye nguzo za umeme? Huko ndiko kwao. Kuna aina zaidi ya 700, karibu zote za Australia. Mmoja uliopo Tasmania una urefu wa kiasi cha mita 100. Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika uko Kilimanjaro, nao una mita 81.5. Mgrevilea unaotoa kivuli kwenye kahawa ya Uchagani? Nao ni wa Australia. Makadamia yanayowapa Wakenya fedha za kigeni? Asili yake Queensland. Tumekuwa tukiishi na Australia uani bila kuitambulisha kwa wageni.

Barabara inapoishia, jirani na Warrnambool, kuna kisiwa kidogo chenye pengwini wadogo kuliko wote duniani: urefu sentimita 33, uzito kilo moja. Maji yakipwa, mbweha walikuwa wanavuka kwa miguu na kuwala, hadi mwaka 2005 pengwini wakabaki chini ya kumi. Dawa ikawa nini? Mbwa wa kuchunga kondoo! Mwaka 2006 waliwekwa kisiwani mbwa wakubwa weupe wa Kiitaliano, wakaambiwa kondoo wenu ndio hawa. Mbweha wakashika adabu, na pengwini wakaongezeka tena.

Mbweha si wa asili huko, na sungura vilevile. Wajua mwaka 1859 bwana mmoja aliyeishi karibu na Geelong aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza, kwa ajili ya kujifurahisha kwa bunduki? Kufikia 1950 sungura wa Australia walikadiriwa kuwa milioni 600. Rudia hesabu hiyo polepole.

Sasa gari linaingia melini. Meli inaondoka Geelong, mnalala humo, asubuhi mnashukia Tasmania mkiwa na gari lenu. Nenda moja kwa moja Cradle Mountain, mahali paitwapo Ronny Creek, ukae jioni kwenye ile njia ya mbao inayopita juu ya majani. Atatokea mnyama mnene, mfupi wa miguu, anatafuna majani bila habari na wewe: ni wombati. Usimtazame yeye kwanza. Tazama juu ya jiwe lililo karibu naye.

Umeona? Kinyesi cha wombati ni cha umbo la mchemraba! Vipande vina pande bapa na kona, vimekaa juu ya jiwe bila kubingirika, na mnyama mmoja hutoa hadi 100 kwa usiku mmoja. Wanasayansi waliochunguza jambo hili walipata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2019, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kabla haujafikirisha. Siri iko kwenye utumbo: sehemu zake nyingine ni ngumu, nyingine zinavutika, na kona zinajichonga humohumo ndani.

Huyohuyo wombati mnene anaweza kukimbia kilomita 40 kwa saa. Na mfuko wake wa kubebea mtoto umeelekea nyuma, ili mama akichimba udongo usimjae mwanawe usoni. Kisiwani Maria, upande wa mashariki wa Tasmania, mgeni huombwa atoe ahadi kwamba hatamkimbiza wombati akiwa na kijiti cha kupigia picha. Wawili wetu waahidi hadharani, kwa sauti.

Je, wajua shetani wa Tasmania huzaa watoto 20, hata 30, kwa mpigo, na mama ana chuchu nne tu? Wanne wa kwanza kufika ndio wanaoishi. Hata mimi hapo nilinyamaza kidogo.

Mnataka kutembea hasa? Njia ya Overland inaanzia hapohapo Cradle Mountain, kilomita 65 hadi Ziwa St Clair, na wengi huimaliza kwa siku sita wakibeba kila kitu mgongoni. Ukitaka kujua kama ndoa yako ni imara, hapo ndipo pa kupimia.

Tumerudi bara, tunaelekea magharibi. Hapa akae nyuma ya usukani aliye mvumilivu zaidi, maana mbele ni uwanda wa Nullarbor. Wajua kuna kipande cha barabara humo chenye kilomita 146.6 bila kona hata moja? Reli inayopita uwanda huohuo ndiyo kiboko: kilomita 478 zilizonyooka, hakuna nyingine ndefu hivyo duniani. Mashine ya treni ingeweza kwenda na usukani uliofungwa kamba, kama treni ingekuwa na usukani.

Humo humo kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18 wenye urefu wa kilomita 1,365. Unapiga mpira shimo la kwanza, unaingia garini, unaendesha hadi mji au kituo cha mafuta kinachofuata, unapiga tena. Kijiji cha Eucla kina saa yake, hakimwombi mtu ruhusa: dakika 45 mbele ya Perth. Na mkiona mistari ya kiwanja cha ndege imechorwa barabarani, si utani. Ndege za Madaktari Warukao, huduma iliyoanza 1928, hutua hapo kuchukua wagonjwa.

Hebu sikia na hili la Skylab. Julai 1979 kituo hicho cha anga cha Wamarekani kilianguka, na vipande vyake vikatawanyika upande wa mji wa Esperance. Halmashauri ya hapo ikaiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa takataka. NASA wakakaa kimya miaka 30, hadi mtangazaji mmoja wa redio wa California alipochangisha wasikilizaji wake mwaka 2009 na kulipa deni.

Punguza mwendo! Kuna mjusi mnene wa magamba makubwa anavuka, mkia wake mfupi unafanana na kichwa hadi hujui anakwenda wapi. Subiri, yuko mwingine nyuma yake. Wajua hao ni mke na mume? Mijusi hao huachana kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha kila majira ya kuchipua majani dume humtafuta jike wake yuleyule wa mwaka jana. Profesa Michael Bull wa Chuo Kikuu cha Flinders aliwafuatilia tangu 1982, akakuta ndoa zilizozidi miaka 20. Mmoja akigongwa na gari, mwenzake ameonekana akibaki karibu na maiti.

Tuseme kangaruu sasa, maana najua umekuwa ukimngojea. Dume mwekundu hufika kilo 90, na mruko mmoja humtupa mita nane na zaidi. Lakini mtoto wake akizaliwa hana hata gramu moja: urefu sentimita mbili na nusu, kipofu, hana unyoya, na anaparamia manyoya ya mama kwa mikono yake mwenyewe hadi ndani ya mfuko. Mama mmoja anaweza kuwa na mmoja tumboni aliyesimamishwa asikue, mmoja mfukoni ananyonya, na wa tatu mkubwa anayekuja mbio kutoka nje kuomba ziwa. Na wajua? Chuchu mbili zinatoa maziwa tofauti, kila mtoto na ya umri wake, kwa wakati mmoja!

Wanatoka machweo na alfajiri, na hapo ndipo wanapogongana na magari. Mikataba mingi ya kukodi gari hukataza kuendesha usiku nje ya miji. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni muwe mmeshafika, mnabandika chai. Malori je? Huko bara kuna lori moja linalovuta matela hadi kufika mita 53.5. Kabla ya kulipita, shaurianeni vizuri.

Mwaka 1932 Australia ilipeleka jeshi kupigana na ndege. Sitanii. Emu wapatao 20,000 walivamia mashamba ya ngano Magharibi mwa Australia, jeshi likatuma askari na bunduki za rashasha chini ya Meja Meredith. Emu walitawanyika makundi madogo madogo, wakakimbia kilomita 50 kwa saa, risasi zikaisha kwa maelfu na jeshi likarudi kambini. Emu bado wapo.

Na huyo emu nyumbani ni nani anayelalia mayai? Baba! Mama hutaga na kwenda zake. Baba hukaa juu ya mayai wiki nane hivi, karibu bila kula wala kunywa. Baba watoto, umesikia?

Ukifika Perth, vuka kwa boti hadi kisiwa cha Rottnest. Magari ya wageni hayaruhusiwi, wengi hupanda baiskeli. Hapo kuna kwoka, mnyama mdogo wa mfuko ambaye mdomo wake umekaa kwa tabasamu muda wote, na kila mtu anapiga naye picha. Ila mkono uwe mbali: kumgusa kuna faini. Nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh aliwaona mwaka 1696 akadhani ni panya wakubwa. Kwa kweli macho ya mabaharia hayakuwa ya kutegemewa.

Wajua papa potwe, yule wa Mafia? Pwani ya Ningaloo nako huja kila mwaka, na watu huogelea kando yake. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, hupita mita 12, na chakula chake ni viumbe vidogo vinavyoelea majini. Kila papa ana madoadoa yake ya pekee. Ili kuwatambua, watafiti walichukua hesabu za kompyuta zilizotungwa kwa wanaastronomia ili kulinganisha ramani za nyota, wakazielekeza kwenye ubavu wa samaki. Zikafanya kazi!

Endesha kaskazini zaidi, Kimberley, na utapiga breki bila kuambiwa. Mbuyu! Duniani kuna aina nane za mibuyu: sita za Madagaska, moja ya kwetu Afrika, na moja ya hapo Kimberley. Piga picha, itume kijijini, waulize ni wilaya gani.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye ulinzi wa rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia. Siku moja akiwa ufukweni kwenye kisiwa cha Marchinbar aliokota sarafu chache mchangani, akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, na zilitoka Kilwa!

Kilwa, ndiyo, Kilwa Kisiwani ya mkoa wa Lindi. Masultani wake walikuwa wakijitengenezea sarafu zao karne nyingi kabla Mzungu hajaijua pwani hiyo. Kutoka huko hadi Marchinbar ni zaidi ya kilomita 10,000 za bahari, na mpaka leo wanahistoria wanabishana nani alizibeba. Mfanyabiashara? Baharia aliyezama? Ubishi wote huo kwa shilingi tano za bibi zetu.

Bado tuko kaskazini. Kakadu ni hifadhi yenye karibu kilomita za mraba 20,000, ukubwa wa Ruaha hivi. Mamba wa maji chumvi wa jimbo lote la Kaskazini walikuwa wamebaki 3,000 tu hivi uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1971. Leo ni kama 100,000. Hapo hakuna cha kusema nitachovya miguu kidogo. Soma kibao, ukikisoma rudi garini.

Njia ya Ubirr humo Kakadu ni ya kilomita moja tu, hata mwenye goti bovu anaimaliza. Ukutani mwa mwamba kuna mchoro wa tailasini, mnyama wa mfuko aliyefanana na mbwa mwenye milia mgongoni. Huyo alitoweka Australia bara zaidi ya miaka 2,000 iliyopita! Wa mwisho kabisa aliyejulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart, Tasmania, Septemba 1936. Karibu na Ubirr, mahali paitwapo Madjedbebe, wachimbuaji wamekuta zana za watu zinazokadiriwa kuwa na miaka 65,000.

Mwewe kwenu huiba vifaranga. Kaskazini mwa Australia wenyeji wamesema miaka mingi kwamba mwewe huokota kijiti kinachowaka, huruka nacho na kukidondosha kwenye majani makavu, kisha husubiri panya na panzi watoke mbio. Watafiti walikusanya ushuhuda huo na kuuchapisha mwaka 2017. Umefuga kuku? Shukuru Mungu kwamba wa kwenu hawajapata habari.

Mchwa wa Litchfield, hukohuko kaskazini, nao ni wahandisi. Vichuguu vyao ni bapa, mamia yamesimama uwandani, na vyote vimeelekea kaskazini na kusini. Jua kali la adhuhuri hupiga ukingo mwembamba tu, ndani kunabaki na nafuu. Ukipotea njia, muulize mchwa.

Uluru! Jiwe moja, urefu mita 348, mzingo kilomita 9.4. Wenye jiwe ni Waanangu, na walirudishiwa ardhi yao tarehe 26 Oktoba 1985. Tarehe hiyohiyo mwaka 2019 kulipanda kulipigwa marufuku kabisa, kwa sababu kwao ni mahali patakatifu. Mnalizunguka kwa miguu, na niamini, kutoka chini ndiko linakoonekana. Jirani yake, Kata Tjuta, njia ya Bonde la Upepo hufungwa saa tano asubuhi joto likitabiriwa kufika nyuzi 36.

Nzi wa huko watawapa mazoezi ya mkono. Ng'ombe waliletwa na Wazungu, lakini wadudu wa Australia walizoea kinyesi cha kangaruu na hawakuweza kumaliza kile kinyesi laini cha ng'ombe, nzi wakazaliana humo. Wajua suluhisho lilitoka wapi? Afrika! Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi waliagiza wadudu wetu wanaoviringisha na kuzika mavi, wakawaachia malishoni. Wengi wamekaa na kuzaana. Hao ndio wataalamu wetu wa kigeni wasiolalamikia mshahara.

Unaogopa nyoka? Taipani wa bara ana sumu kali kuliko nyoka wote wa nchi kavu. Haya, tega sikio: kati ya mwaka 2000 na 2013 nyoka wote wa Australia kwa pamoja waliua watu 27. Farasi waliua 74.

Queensland mtakutana na kasowari, ndege mrefu wa shingo ya buluu mwenye pembe kichwani, kilo 60 na kucha ya sentimita 12 mguuni. Huko nako baba ndiye anayelalia mayai, siku 50 hivi, kisha hulea watoto miezi tisa. Naanza kuona mtindo. Msituni, msishike majani msiyoyajua: kuna mmea uitwao gimpi-gimpi wenye vinywele vya kioo vinavyoingia mwilini, na maumivu yake yanaweza kurudi kwa miezi. Upupu wa kwetu utaukumbuka kwa mapenzi.

Wenyeji watawaonya pia kuhusu koala mla-nyama anayedondoka kutoka mtini na kuuma watalii shingoni. Tikisa kichwa kwa heshima. Hayupo, ni mzaha wao wa taifa.

Kwa platipusi, amkeni gizani mwende mto Broken, hifadhi ya Eungella. Kaeni kimya kwenye ubao wa kutazamia. Kwanza vinatokea viputo, mstari mmoja unaosogea. Kisha duara kwenye maji, mgongo wa kahawia, mdomo wa bata. Sekunde chache, anabinuka, amezama. Huyo hutaga mayai na hunyonyesha, ila hana chuchu: maziwa hutoka kwenye ngozi. Hana tumbo la kusagia chakula. Dume ana mwiba wa sumu mguuni. Akizama hufumba macho, masikio na pua, na kuwinda kwa vihisio 40,000 vya umeme vilivyo mdomoni. Ngozi yake ilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, mtaalamu George Shaw alitafuta mahali iliposhonwa.

Na K'gari, kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani? Urefu wake ni kama kilomita 120, na ufukwe ndio barabara kuu: mwisho kilomita 80 kwa saa, polisi wapo. Ndege za abiria nazo hutua hapohapo mchangani. Ikija ndege, wewe ndiye unayempisha mwenzako.

Mlima mrefu kuliko yote ya Australia bara, Kosciuszko, una mita 2,228. Kibanda cha Mandara, pale wapanda Kilimanjaro wanapolala usiku wa kwanza, kiko mita 2,720. Yaani mtu wa Marangu akiwa bado anakunywa chai ya siku ya kwanza tayari ameupita! Kutoka juu ya kiti cha kamba cha Thredbo ni kilomita 13 kwenda na kurudi, sehemu kubwa juu ya njia ya chuma, na karibu na kilele kuna choo.

Milima ya Blue Mountains, nyuma ya Sydney, ilificha mti ambao wataalamu waliujua kwa visukuku tu, hadi mlinzi wa hifadhi David Noble alipoteremka korongoni mwaka 1994 akaukuta uko hai. Mikubwa iliyobaki porini haifiki 100, na mahali ilipo ni siri. Moto mkubwa wa 2019 na 2020 ulipokaribia, zimamoto walishushwa kwa helikopta wakaitegea mabomba ya kunyunyiza maji, ikapona. Serikali ilitangaza baadaye, bila kusema ni wapi.

Ndege-kinubi wa misitu hiyohiyo huiga kila anachosikia: ndege wenzake, kamera ikipiga picha, hata msumeno wa mashine. Mkisikia kamera vichakani na hamwoni mtu, mmepigwa chenga.

La mwisho, kisha nikuachie nafasi kwenye benchi. Katika hifadhi ya Lamington kuna ndege dume anayejenga kibanda cha vijiti ili kumvutia jike, na uwanja wa mbele hupambwa kwa kitu chochote cha buluu: vifuniko vya chupa, mirija, manyoya, vibanio vya nguo vilivyoibwa kwenye kamba za watu. Jike hupita kibanda kwa kibanda akikagua, na dume jirani naye huja kuiba mapambo mwenyewe akitoka. Kwa hiyo kama funguo za gari lenu zina kishikizo cha buluu, tieni mfukoni.